Ukitaka kuwaelewa Death, fuata mpiga dramu

Weka hedifoni alafu piga ngoma mbili za Death, bendi ya Marekani ya metali (roki nzito ya magitaa ya umeme), moja baada ya nyingine. Anza na Zombie Ritual ya 1987, ikiisha weka Crystal Mountain ya 1995. Ile ya kwanza ni fujo tupu, gitaa linatoa kamelodi ka kutisha kama muvi ya mizuka, alafu dramu zinaingia mbiombio kama mtu anashuka ngazi amebeba ndoo za bati, na jamaa anaunguruma habari za maiti kufufuka. Ya pili sasa, magitaa yamekaa kwenye mstari, kila pigo unaweza kulihesabu, mistari inawasema watu wanaojifanya watakatifu, na mwishoni linaingia gitaa kavu, lile la kina Mwenda Jean Bosco, linapigwa huku besi inalizungukazunguka kwa chini. Mtu asiyejua atakuambia hizi ni bendi mbili. Na wala hajakosea sana.

Maana swali linalowatesa watu wanaoanza kusikiliza hawa jamaa ndio hilo hilo: Death ni ipi? Kuna anayekuambia bendi iliisha 1988, baada ya hapo ni hesabu za shule tu. Kuna anayekuambia mpaka 1990 ilikuwa ni kujifunza, bendi yenyewe imeanza 1991. Wanabishana miaka na miaka kama Simba na Yanga. Mi nilivyokuja kuielewa ni kwa njia moja rahisi, nikaacha kusikiliza magitaa na sauti kwanza nikawa nasikiliza dramu tu, na hapo mambo yakajipanga yenyewe.

Lakini tuanze na mwenye bendi, maana huyu hakubadilika. Anaitwa Chuck Schuldiner. Alizaliwa 1967 Long Island huko New York, akahamishiwa Florida akiwa bado mtoto mchanga. Alipokuwa na miaka 9 kaka yake akafariki kwenye ajali ya gari, ana miaka 16 tu, wazazi wakaona wamnunulie mdogo mtu gitaa labda litampunguzia majonzi. Wakampeleka na kwa mwalimu wa gitaa la klasiko, hakumaliza hata mwaka, akaboreka akaacha. Baadae wakamletea gitaa la umeme na hapo ndio wakawa wamempoteza moja kwa moja, anajifungia chumbani anapiga mpaka vidole viume. Hakwenda tena kwa mwalimu. Hii iweke akilini maana itarudi: mtu aliyejifundisha mwenyewe, na baadae anaenda kuwatafuta watu waliosoma muziki kumzidi.

1983 wakaanzisha bendi na wenzie wawili, Rick Rozz kwenye gitaa na Kam Lee ambaye alikuwa anapiga dramu na kuimba kwa wakati mmoja. Wakajiita Mantas, jina la mpiga gitaa wa Venom, bendi ya Uingereza ambayo vijana wote wa fujo wa enzi hizo walikuwa wanaiabudu. Mwaka uliofuata wakabadilisha jina ikawa Death. Walikuwa wanarekodi demo (rekodi za majaribio) kwenye kaseti, Reign of Terror ya 1984, Infernal Death ya 1985, sauti mbovu kama redio iliyoishiwa betri, alafu zile kaseti zinasafiri kwa posta. Hakuna intaneti bwana. Wewe uko Florida unamtumia kaseti mtu wa Ulaya humjui hata sura, na yeye anairudufu anamtumia mwingine, kila ikirudufiwa inazidi kuwa mbovu na watu wanazidi kuipenda. Kwa hiyo Death walikuwa na jina duniani kabla hawajawa na albamu hata moja.

Hapa kuna ubishi mwingine niumalize haraka: je hawa ndio walioanzisha death metal? Possessed, bendi ya California, walitoa albamu yao Seven Churches mwaka 1985 na ngoma ya mwisho humo inaitwa kabisa Death Metal. Lakini demo za Death zilishaanza kuzunguka 1984. Na Chuck mwenyewe alikuwa mshabiki mkubwa wa Possessed. Kwa hiyo mtoto ni wa ukoo, kila mjomba ana haki ya kumwita mwanangu, ila aliyemlea mpaka akawa mtu mzima ni Chuck.

Kwa asiyeifahamu kabisa hii fani, death metal ni metali ambayo magitaa yamelegezwa nyuzi yashuke chini ya kawaida (Death walikuwa wanashusha sauti nzima moja), mpiga dramu anakanyaga dramu kubwa kwa miguu yote miwili, na muimbaji haimbi, anaunguruma kutoka kooni. Watu wanadhani ni kupiga kelele tu. Jaribu wewe dakika mbili uone kama kesho utaweza kuomba maji.

Sasa turudi kwenye dramu. Baada ya kuhangaika sana, Chuck kaenda San Francisco, karudi, kaenda Toronto kujiunga na bendi ya Slaughter ya Kanada, hakukaa, karudi tena, kaenda tena California, ndio akakutana na kijana mdogo anaitwa Chris Reifert. Wawili tu. Wakatoa demo ya Mutilation 1986, lebo ya Combat, yaani kampuni ya kutoa albamu, ikawachukua. Wakajaribu kurekodi Florida, lebo ikasikiliza ikasema hapana, ikabidi wakarudie Los Angeles na prodyuza Randy Burns. Hiyo ndio Scream Bloody Gore, 1987. Chuck kapiga magitaa yote, kapiga besi, kaimba. Reifert kapiga dramu na anapiga kama mtu wa panki (roki ya fujo na mbio), ana nguvu, analegea, anakaza, saa ingine unahisi atamwaga kila kitu, hamwagi. Ndio maana ile albamu ina uhai wa ajabu mpaka leo. Mistari ni muvi za kutisha tupu, kuna ngoma inaitwa kabisa Evil Dead, kama ile muvi. Ni vijana wanajifurahisha. Na uchafu wa dramu unaendana na uchafu wa habari.

Chuck akataka kurudi nyumbani Florida, Reifert akabaki California akaanzisha bendi ya Autopsy, na ukisikiliza Autopsy utagundua ule uchafu alikuwa nao yeye, kaondoka nao.

Kule Florida Chuck akawabeba watu wa bendi ya Massacre: Rick Rozz yule wa zamani, Bill Andrews kwenye dramu na Terry Butler kwenye besi. Ikatoka Leprosy 1988, imerekodiwa Morrisound, studio ya Tampa ambayo baadae ikawa kama kiwanda, bendi kama Obituary wanapita pale, Morbid Angel, Deicide, na fundi mitambo Scott Burns jina lake liko kila mahali. Andrews ni mpigaji wa moja kwa moja, anapanda baiskeli kwenye njia nyoofu hana habari na kona. Watu wanamdharau. Mi naona wanamkosea, maana Leprosy ni nzito kwa sababu yake, magitaa yanapata pa kukaa. Sikiliza Pull the Plug, mgonjwa yuko kwenye mashine hawezi hata kusema waizime. Hapo mizuka imeshaanza kuondoka, ameingia binadamu.

Spiritual Healing ya 1990 ikasogea zaidi. Rozz kaondoka, kaingia James Murphy, mpiga gitaa mwenye vidole laini, solo zake zinaimba. Mistari sasa ni kama gazeti: watoto wanaozaliwa na mama watumiaji wa kokeini, mabishano ya utoaji mimba, na wahubiri wa kwenye tivii wanaouza miujiza. Kava lenyewe kachora Ed Repka, yule yule aliyechora zile mbili za mwanzo, linaonyesha mhubiri na suti yake kamwekea mgonjwa mkono usoni. Kwa mtu wa huku kwetu hilo kava halihitaji maelezo. Ila ukisikiliza vizuri utasikia tatizo: magitaa yanataka kwenda, dramu haziendi. Andrews anapiga kile kile cha Leprosy na Chuck ameshahama. Ni kama bibi harusi kabadilisha wimbo na ngoma ya nyumbani bado iko kwenye ule wa mwanzo.

Hapo ndio 1990 ikachafuka. Bendi ilikuwa na ziara ya Ulaya, Chuck dakika za mwisho akakataa kwenda, akaona maandalizi mabovu. Andrews na Butler wakaenda! Wakachukua watu waliokuwa kwenye msafara wakawapanga jukwaani, mwingine gitaa, mwingine aimbe, wakazunguka Ulaya kwa jina la Death bila mtu aliyeianzisha Death. Wewe mshabiki umenunua tiketi, unamsubiri Chuck, anapanda mtu humjui anaunguruma. Chuck akaenda kwa wanasheria, na wale wawili habari yao ikaishia pale.

Na hapa ndio kamwisho ka Death kama bendi ya kawaida. Tangu siku hiyo Chuck hakutaka tena bendi ya washkaji, akawa anakodi wapigaji kwa kazi, albamu kwa albamu. Wapenzi wa dansi watanielewa haraka, maana tumekulia na TPOK Jazz, wanamuziki wanaingia wanatoka miaka zaidi ya 30 na Franco yuko pale pale. Tofauti ni kwamba ukiingia kwa Franco unapiga Franco. Chuck alifanya kinyume, alimchukua mtu kwa sababu ana kitu ambacho yeye hana, alafu anamwachia akilete.

Aliowachukua kwa albamu ya Human ya 1991 walikuwa vijana wa miaka 20 hivi kutoka bendi ya Cynic, Paul Masvidal kwenye gitaa na Sean Reinert kwenye dramu, pamoja na Steve DiGiorgio wa Sadus kwenye besi. Reinert alikuwa anasikiliza jazi. Sasa weka Flattening of Emotions, ngoma ya kwanza kabisa. Huanzi na gitaa. Unasikia dramu zinatokea mbali, kwa chini, kama mvua inavyokuja kwenye mabati ya nyumba ya tatu, ya pili, ya kwako, alafu ndio magitaa yanashuka. Zile sekunde kumi na kitu ndio mpaka wa nchi. Kabla yake dramu kwenye death metal zilikuwa zinafuata gitaa, kazi yake ni kulisukuma. Reinert anaongea na gitaa, likisema kitu anajibu, saa ingine anabisha, miguu inakimbia huku mikono inapiga kitu laini juu ya matoazi. Chuck kwa kusikia hivo naye akabadilisha anavyoandika, rifu (vile vipande vya gitaa vinavyojirudia) zikawa fupi, zinakatika katikati, zinarudi zimegeuzwa. Mwalimu wa klasiko alimkimbia, kumbe alikuja kusomea kwa vijana aliowazidi umri.

Lawama moja: besi ya DiGiorgio humo haisikiki, imezikwa. Ilipotolewa upya 2011 na kuchanganywa tena ndio watu wakagundua kumbe jamaa alikuwa anapiga vitu vya hatari muda wote.

Kipindi hicho hicho hata nembo ikaanza kusafishwa. Nembo ya mwanzo aliichora Chuck mwenyewe, ina buibui na utando, matone ya damu, mundu, na ile T ya jina ilikuwa msalaba uliopinduliwa. Damu ikaondoka, T ikawa T ya kawaida, hakutaka watu wamhusishe na mambo ya dini upande wowote ule. Na Repka na michoro yake ya mizuka naye akawekwa pembeni.

Individual Thought Patterns, 1993. Reinert na Masvidal wamerudi kwao Cynic, dramu kakalia Gene Hoglan aliyetoka bendi ya Dark Angel, gitaa la pili kaja Andy LaRocque wa King Diamond, na DiGiorgio yupo, safari hii na besi isiyo na vile vyuma vya shingoni, kwa hiyo sauti inateleza kama mtu anaongea kwa kuvuta maneno. Na safari hii inasikika! Nenda mwisho wa The Philosopher, wengine wanapungua taratibu na ile besi inabaki inajiongelea yenyewe kama mlevi anaporudi nyumbani. Hoglan wanamwita saa ya atomiki na jina limemkaa. Reinert alikuwa anabishana na gitaa, Hoglan yeye anaweka kila kitu mahali pake alafu anapamba pembeni, vikengele vidogo, matoazi madogo, vitu ambavyo unavisikia mara ya kumi ndio unashtuka. Ila mi hii albamu inanichosha kidogo, kila mtu ni fundi na kila mtu anataka usikie ufundi wake. Mistari nayo ina hasira, watu waliomsaliti, watu wanaojua kila kitu. Ukijua ya 1990 unaelewa anamsema nani.

Symbolic ya 1995 ndio pumzi ilipotoka. Hoglan yule yule, lakini wengine wote wapya, Bobby Koelble gitaa na Kelly Conlon besi, na mtayarishaji ni Jim Morris wa Morrisound. Huu ndio ushahidi wangu mkubwa: dramu hazikubadilika mtu, na kwa mara ya kwanza tangu Andrews aondoke sauti ya Death haikupinduka, ilikomaa tu. Chuck na Hoglan walikuwa wameshazoeana, hakuna anayemwonyesha mwenzie kitu, ngoma zinapumua, zina kiitikio unachoweza kukishika hata kama huelewi neno. Ukiniuliza mgeni aanzie wapi nitakuambia hapa, bila kufikiria.

Alafu kuna sauti yake, sijaisema. Ukisikiliza albamu kwa kufuatana, muungurumo unapanda. Leprosy uko chini kabisa, tumboni. Symbolic uko kooni. Kufika The Sound of Perseverance ya 1998 ni ukelele mkali unaokwaruza, na kuna watu hawauwezi. Chuck kwa kweli alishachoka kuunguruma. Roho yake ilikuwa kwa kina Judas Priest na Iron Maiden, metali yenye muimbaji wa sauti ya juu, na baada ya Symbolic aliivunja Death akaanzisha Control Denied iwe hivyo. The Sound of Perseverance kwa sehemu kubwa imetokana na kipindi hicho, ndio maana inasikika kama imekaa kati ya nyumba mbili, na mwishoni kabisa akaweka Painkiller ya Judas Priest na akaiimba mwenyewe, mpaka juu. Dramu ni Richard Christy, mpigaji mwenye njaa, anajaza kila tundu, Scavenger of Human Sorrow inaanza na yeye kama anagonga mlango wa watu usiku. Wengi wanaiita kilele. Mi naona kuna dakika nyingi angeachia nafasi. Lakini katikati ya ile vurugu kuna Voice of the Soul, haina maneno, haina dramu kabisa, ni gitaa kavu chini na magitaa ya umeme mawili yanalia juu yake. Bendi ambayo kila mara ilikuwa inafuata mpiga dramu, ngoma yake ambayo hata bibi yako ataisikiliza mpaka mwisho ni ile isiyo na mpiga dramu.

Control Denied wakatoa The Fragile Art of Existence 1999, akaimba Tim Aymar, Chuck kabaki na gitaa lake tu, anachokitaka siku zote. Mwezi wa tano mwaka huo huo alikuwa anasumbuliwa na shingo, akadhani ni mshipa umebanwa, wakampiga picha wakakuta uvimbe kwenye shina la ubongo. Aliambiwa tarehe 13 Mei, siku aliyotimiza miaka 32. Operesheni ikafanyika Januari 2000, gharama za kutisha, familia haina, wakachangishana mashabiki na bendi kibao wakapiga shoo za kuchangia. Akapata nafuu, akarudi kuandika albamu ya pili ya Control Denied, ugonjwa ukarudi. Akafariki tarehe 13 Desemba 2001 akiwa na miaka 34. Kuna picha yake maarufu, nywele ndefu za kimetali, kavaa fulana ya vitoto vya paka. Huyo ndio mtu watu walikuwa wanamuogopa kwa jina la bendi.

Tangu 2012 waliowahi kupiga naye wanazunguka kwa jina la Death to All, Hoglan kwenye dramu, DiGiorgio kwenye besi, Koelble gitaa, na Max Phelps anaimba sehemu za Chuck. Hapo sasa utasikia kitu cha kuchekesha. Wakipiga ngoma za Symbolic, ni yenyewe kabisa, funga macho. Wakipiga Zombie Ritual, Hoglan anaipiga safi, kila ndoo ya bati imepangwa kwenye ngazi yake, hakuna hata moja inayotaka kudondoka, na mi najikuta namkumbuka Reifert.